Upande wa Kamba

Kabla kifua hakijamshika, Eucabeth alikuwa na sauti iliyojulikana ufuo mzima wa Muhuru Bay. Asubuhi mitumbwi ikirudi na omena, wale dagaa wa ziwani, wachuuzi wengine walisukumana majini mpaka sketi zikalowa, kila mmoja akitaka awe wa kwanza kushika ukingo wa mtumbwi. Yeye hakusukumana na mtu. Alipanda juu ya jiwe lake, lile jeusi lenye mgongo kama wa kiboko, akaweka viganja mdomoni, akauita mtumbwi kwa jina lake.

"Subiraaa! Wewe Subira, njoo hukuuu!"

Na Subira, ukiwa bado mdogo kama sisimizi kule mbali, ungegeuza pua ukaja. Wavuvi, waliomwita Mama Caren kwa jina la binti yake, walisema sauti yake haichukuliwi na upepo, upepo ndio unaoipisha.

Mbali na omena alikuwa na pipa la mafuta ya taa nyuma ya kibanda chake. Hiyo ilikuwa zamani kidogo, wakati karabai ndizo zilizowaka ziwani kuwavuta omena, kabla hizi taa za betri hazijaingia. Pipa lile halikuwa na kipimo. Akitaka kujua limebaki na mafuta kiasi gani, aliligonga kwa kifundo cha kidole kuanzia juu akishuka: du, du, du, halafu ghafla, ti. Pale kwenye ti ndipo mafuta yalipoanzia. Alichukua kipande cha mkaa akachora mstari, na mstari wake haukudanganya. Pipa lenyewe bado lipo, siku hizi linakinga maji ya mvua.

Basi kifua kilianza kama vifua vya watu wote vinavyoanza. Kikohozi kikavu, kisicho na kitu. Kisha mwiba. Ulikuwa mwiba kabisa, umekaa ubavuni, akivuta pumzi unamchoma. Baada ya muda mwiba ukaondoka wenyewe, na Eucabeth akamshukuru Mungu kwamba anapona. Kumbe mwiba ulipoondoka, pumzi nayo ilianza kuondoka. Kutoka nyumbani mpaka kwenye nyavu za kuanikia omena alipumzika njiani kama mtu aliyebeba jiwe la kusagia. Jioni alitokwa na jasho hata kama kuna baridi. Sketi ya kanisani ikaanza kumzunguka kiunoni. Kulala, alilala upande mmoja tu. Akigeukia ule mwingine ni kama mtu mzima amemkalia. Duka la dawa lilimpa chupa ya dawa nyekundu ya kikohozi, akaimaliza, akapewa nyingine, akaimaliza nayo.

Marcella, jirani yake na mwenzake wa kuanika omena, ndiye aliyelitaja lile neno kwanza. Marcella hana ubaya, ila mdomo wake hauna mlango.

"Hii ni chira," alisema, akigeuza omena kwa ufagio.

Chira si neno la kutamkwa ovyo. Ni laana ya mtu aliyevunja mwiko, inamkausha polepole, anakohoa na kukonda mpaka anaisha. Jumamosi Eucabeth alikuwa kanisani kama Msabato mwingine yeyote, lakini chira ni chira.

"Chira... ya nini?" aliuliza.

"Unaniuliza mimi? Si ile mvua ya Kisegi?"

Mvua ya Kisegi Eucabeth aliikumbuka vizuri. Caren, binti yake, alikuwa amejifungua huko kwa mumewe, na yeye akaenda kumwona mtoto akiwa na nia ya kurudi siku hiyohiyo. Mvua ikanyesha, mto ukajaa, barabara ikakatika, akalala nyumbani kwa mkwe wake kabla hajapelekwa na kukaribishwa rasmi vile inavyotakiwa. Alilala akiwa ameketi kwenye kiti cha jikoni. Lakini alilala.

"Kule Karungu kuna mzee anayejua manyasi ya hiyo kitu," Marcella akasema. Manyasi ni dawa ya mitishamba ya kuondoa chira. "Atakuja kesho. Ila ukinywa manyasi hutakiwi kugusa mambo ya hospitali. Hakuna sindano, hakuna vidonge. Unakaa ndani, unangoja ikutoke."

Hivyo ndivyo ilivyopangwa. Na ingekuwa hivyo, isingekuwa simu.

Caren alikuwa amefika juzi kumwangalia mama yake. Jioni mumewe Boaz, baba wa mwanawe Wesley, ambaye ni afisa wa kliniki kwenye kituo cha afya upande wa Kisegi, alipiga simu kuwajulia hali. Caren akamwekea mama yake simu sikioni.

"Mama, habari ya kifua?"

"Ni... salama tu... mkwe. Watoto... wako aje?"

Simu ikanyamaza mpaka Eucabeth akadhani imekatika.

"Mama, nimekusikia," Boaz akasema mwishoni. "Naomba umpe Caren."

Caren alitoka nje na simu. Aliporudi alikuwa ameshika mkono kiunoni, na Eucabeth alimjua binti yake: akishika hivyo, ameshaamua.

"Baba Wesley anakuja kesho asubuhi na pikipiki. Anasema umevuta pumzi mara mbili ndani ya 'salama tu mkwe'. Anasema mtu mzima hapungukiwi na pumzi kwenye salamu."

"Anakuja... kufanya nini?"

"Kukupima kifua."

Eucabeth angekuwa na pumzi angepiga yowe. Mkwe ampime kifua! Tangu Boaz amuoe Caren, Eucabeth alimjua kwa viatu vyake, kwa sababu mama mkwe hamtazami mkwe usoni. Anatazama chini. Hawapeani mkono, hawakalii kiti kimoja, na bega la mama mkwe likionekana ni aibu ya ukoo mzima. Alizijua jozi zake zote: vile vyeusi vya kazi, vya kahawia vya harusi, na raba zilizotoboka kidoleni. Uso wake angeweza kupishana nao sokoni Migori asiujue.

"Nina chira moja," alisema, akipumzika katikati, "mnataka... niwe na mbili?"

"Mama, hatakugusa. Na hatakuona. Amesema atafuata unavyotaka wewe. Lakini kifua kisikilizwe kwanza kabla yule mzee hajafika. Akikisikiliza aone ni chira, atanyamaza aondoke."

Hilo la kunyamaza ndilo lililomlainisha. Alikuwa amechoka kuambiwa na kila mtu. "Kama ataweza... kunipima bila kuniona... wala kunigusa," alisema, "aje. Nataka nione... huo ufundi."

Kesho yake wakakutana nyumbani kwa Marcella, maana mkwe hawezi kuingia ndani kwa mama mkwe wake hivihivi. Marcella aliondoa makochi, akafunga kamba kutoka msumari wa kalenda hadi dirishani, akatundika leso mbili pana zenye maua ya zambarau. Eucabeth akaketi kwenye kigoda upande wa dirisha, Caren pamoja naye. Marcella akaketi pale mwisho wa leso, anapoona pande zote mbili, kama refa.

Viatu vikaingia. Vilikuwa vile vyeusi vya kazi, vimejaa vumbi la barabara ya Nyatike. Vikasimama upande wa pili wa leso, vikageuka, visigino vikaelekea kwake. Boaz alikuwa ameketi kwenye kigoda kingine, amewapa mgongo.

"Mama, nimekuja kwa heshima zote."

"Karibu... mkwe."

"Mama Wesley, leo wewe ndiye mikono yangu na macho yangu. Mimi nitabaki na masikio tu. Kwanza usimguse. Mtazame akipumua, uniambie unaona nini."

"Namwona mama," Caren akasema.

Marcella akaguna. "Huyu ameanza vizuri."

"Mama yako anapumuaje?"

"Haraka. Anainua mabega. Na hapa juu ya mifupa ya shingo panaingia ndani akivuta."

"Midomo? Kucha? Zina rangi ya samawati?"

"Hapana. Ziko sawa."

"Hiyo ni habari njema. Sasa kifua chenyewe, kinapanda pande zote mbili pamoja?"

Caren akateremsha nguo ya mama yake, akatazama kwa muda. Eucabeth alihisi macho ya binti yake ngozini. "Upande mmoja unachelewa. Kama mtu anayevutwa aende safari asiyoitaka."

"Upande gani?"

"Kulia."

"Kulia kwa nani?"

"Kwangu."

"Umekaa wapi?"

"Mbele yake."

"Basi hiyo ni kushoto kwake."

"Si ungesema!"

"Nimesema sasa."

"Jamani," Marcella akadakia, "hawa watamtoboa mtu ubavu usio na kosa."

"Mama Marcella amesema kweli," Boaz akajibu, na sauti yake haikuwa na mchezo. "Kukosea upande ni kosa baya. Tafuteni kamba, mumfunge mama mkono wa kushoto. Kuanzia sasa hakuna kulia wala kushoto. Kuna upande wa kamba na upande usio na kamba."

Marcella akakata kipande cha uzi wa nyavu, ule wa kijani, akamfunga Eucabeth kwenye kifundo cha mkono kwa fundo la wavuvi ambalo halifunguki. Eucabeth alitazama mkono wake akajiona kama kondoo aliyetiwa alama mnadani. Hata hivyo alipenda namna wanavyokwenda polepole. Katika maduka ya dawa yote aliyopita, hakuna aliyemwambia hata afungue kifungo cha juu.

"Weka kidole kwenye kile kishimo cha koo, katikati, juu ya mfupa wa kifua," Boaz akaendelea. "Usibonyeze sana. Ndani utagusa bomba la hewa, gumu kama mpira wa kumwagilia maji. Liko katikati?"

"Linatakiwa liwe katikati?"

"Ndiyo."

"Haliko. Limesogea. Limeukimbia upande wa kamba."

"Eeh." Viatu vikasogea kidogo. "Nenda nyuma yake. Shika mbavu zake za chini kwa viganja viwili, vidole gumba vikutane kwenye uti wa mgongo. Mama, vuta pumzi kwa kadiri unavyoweza."

Eucabeth akavuta. Pumzi ilifika mahali ikakoma, kama ndoo iliyogonga mwamba kisimani.

"Gumba la upande usio na kamba limeondoka," Caren akasema. "La upande wa kamba limebaki palepale, kama limepigwa gundi."

"Mama, sasa useme tisini na tisa. Caren, kiganja mgongoni, umsikilize kwa mkono."

"Kwa nini... tisini na tisa?"

"Mia imewashinda?" Marcella akauliza.

Boaz akacheka, wa kwanza kucheka asubuhi ile. "Ni neno linalotetemesha kifua, mama. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Tisini... na tisa," Eucabeth akasema. "Tisini... na tisa."

"Upande usio na kamba mkono unatetemeka kama simu iliyozimwa sauti ikipigiwa," Caren akasema. "Upande wa kamba, huku juu inatetemeka. Huku chini... huku chini simu haina chaji kabisa."

Kawaida kugonga kifua huja kabla ya kukisikiliza, lakini Boaz alisema vidole vya Caren vinahitaji somo, kwa hiyo wasikilize kwanza. Akaingiza kile chombo cha kusikilizia chini ya leso: kichwa cha chuma upande wa Caren, masikio upande wake. Mpira haukufika. Caren akavuta, Boaz akasogea kinyumenyume na kigoda chake, Caren akavuta tena. Leso ikaanza kuvimba. Eucabeth akageuza shingo, akaona kichwa cha mwanamume kimechoreka kwenye maua ya zambarau, kisogo na masikio, kinamjia.

"Mkwe anaingia!" akapiga kelele, na kelele hiyo ikamgharimu kikohozi kirefu.

"Siingii, mama, mpira ni mfupi!"

"Rudi! Rudi na kichwa chako!" Marcella akamfukuza kwa kanga aliyojifunga, huku akicheka mpaka machozi. Ikabidi Caren avae masikio yeye mwenyewe, asimulie. Upande usio na kamba alisikia upepo, ukiingia na kutoka kama kwenye majani ya mpunga. Upande wa kamba alisikia upepo juu tu. Alipoteremka, upepo ukawa mbali, kisha hapakuwa na kitu.

"Hakuna hata mkoromo? Hata mlio?"

"Hakuna. Kama nimeweka sikio ukutani."

Eucabeth alivitazama visigino vya viatu vya Boaz. Kimoja kilikuwa kinagongagonga sakafu polepole. Akajua huyu mtu ameshaona jambo, ila hataki kulisema kabla ya wakati wake. Nayo hofu ikampanda. Kama ni chira, aseme ni chira.

"Mnaficha nini?" akauliza.

"Hatufichi, mama. Limebaki jambo moja, na hilo utalisikia kwa masikio yako mwenyewe. Caren, laza kidole cha kati cha mkono wa kushoto mezani, kibane. Kwa ncha ya kidole cha kati cha mkono wa kulia, kigonge mgongoni pake. Mkono utoke kwenye kiwiko? Hapana. Kwenye kifundo tu. Gonga na uondoe, kama unabisha mlango wa mtu uliyemkosea."

Caren akagonga meza. Akagonga ukuta. Akagonga paja lake, likatoa sauti butu. Akajaribu kwenye ndoo ya Marcella. Baada ya muda kidole kikakubali.

"Anza juu, upande usio na kamba. Kati ya ubavu na ubavu. Shuka."

Du, ikasema nyuma ya bega. Du. Du. Du. Sauti ya kitu chenye nafasi ndani.

"Vizuri. Hiyo ni hewa. Sasa upande wa kamba, kuanzia juu."

Du. Caren akashusha kidole. Du. Akashusha tena, akafika pale chini ya mfupa wa bega.

Ti.

Eucabeth akakaza macho dirishani.

"Rudia hapo," akasema. Si Boaz aliyesema. Ni yeye.

Caren akarudia. Ti.

"Panda kidogo."

Du.

"Shuka."

Ti. Na chini yake, ti, ti, ti, mpaka mwisho wa mbavu. Sauti nzito, isiyorudi, ambayo kidole kinaitambua hata kabla ya sikio. Eucabeth aliijua sauti ile. Aliisikiliza miaka yote nyuma ya kibanda chake, ameinama, sikio karibu na bati. Sasa ilikuwa inatoka ndani yake mwenyewe.

"Marcella," akasema, "nipe... mkaa."

"Mkaa wa nini?"

"Nipe... mkaa!"

Marcella akakimbilia jikoni akarudi na kipande. Caren, ambaye utotoni alikuwa akishika taa wakati mama yake akigonga pipa, hakuhitaji kuelezwa. Akagonga mgongoni, akatafuta mahali du inapogeuka ti, akaweka alama. Akasogea ubavuni, akatafuta, akaweka alama. Kisha akaziunganisha alama zote kwa mstari mmoja mweusi uliozunguka kutoka kwenye uti wa mgongo mpaka chini ya kwapa.

"Kuna mstari," Eucabeth akasema. Pumzi ilimwishia, akangoja nyingine, akaipata. "Mkwe. Kuna mstari."

"Ndiyo, mama. Umeupata wewe. Ni maji. Yameingia kati ya pafu na mbavu, pafu limekosa pa kukaa. Ndiyo maana ule upande hauinuki, na bomba la hewa limesukumwa, na unalala juu ya huo upande ili mzuri ubaki huru. Ule mwiba uliondoka kwa sababu maji yaliingia katikati, mbavu na pafu zikaacha kusuguana. Maji yanatolewa. Huko mjini Homa Bay watapiga picha, watayatoa, watayapima wajue yaliletwa na nini, wakupe dawa yake."

Nje kuku wa Marcella alikuwa akichakura chini ya dirisha.

"Marcella," Eucabeth akaita.

"Naam."

"Chira... inakaa na mstari?"

Marcella alifungua mdomo. Akauzunguka mgongo wa rafiki yake, akautazama ule mkaa toka mwanzo mpaka mwisho, akaufunga mdomo. Wanaomjua Marcella watakuambia hiyo peke yake ilikuwa muujiza.

"Mpigie simu mzee wa Karungu," Eucabeth akasema. "Mwambie kwa adabu... asichoke na safari. Na Caren, nifunike bega. Tunaenda Homa Bay."

Alikwenda na mstari wake wa mkaa mgongoni, akakataa usifutwe. Na kamba mkononi, kwa sababu fundo la wavuvi halikufunguka. Boaz alitangulia mbele, wao wakafuata nyuma, ili viatu na macho visikutane.

Kwenye hospitali kubwa ya mjini, nesi mmoja anayeitwa Metrine alimvua blauzi akaanza kucheka. "Shosho, nani amekuchora?"

"Ni binti yangu. Mtapima... halafu mlinganishe."

Wakapiga picha ya kifua, daktari mwanamke akaibandika kwenye mwanga. Upande usio na kamba ulikuwa mweusi, daktari akasema mweusi ni hewa. Upande wa kamba ulikuwa mweupe chini wote, na weupe ule ukapanda mpaka mahali ukakoma. Daktari alitazama picha, akaenda akautazama mgongo, akarudi kwenye picha. Akamwita Metrine naye atazame.

"Mmekosea kwa upana wa kidole kimoja tu," akasema. "Na hii kamba ni ya nini?"

"Ni upande wa maji," Eucabeth akamjibu, "msije mkakosea."

"Hatukosei, mama. Lakini acheni ikae."

Wakamkalisha ameegemea meza, wakamfanya pale wanapochoma pafe ganzi, na sindano ikaingia juu tu ya ubavu. Alingoja maumivu makubwa, hayakuja. Yakaja maji. Yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyotiwa majani kidogo, yakishuka kwenye mpira mwembamba na kuingia chupani, na yeye akiyatazama kama mtu anayetazama mwizi akitolewa nyumbani kwake. Hawakuyatoa yote kwa mara moja, walisema pafu lililobanwa halifunguliwi kwa haraka. Lakini kabla chupa haijajaa, Eucabeth alikohoa, akavuta pumzi, na pumzi ile haikugonga mwamba. Ilishuka. Ikaenda chini, chini, mahali ambapo haikuwa imefika tangu mvua za masika.

"Caren," akasema. "Caren mwanangu, hebu nisikilize vile ninavyoongea bila kupumzika, nimekuita, nimesema maneno yote haya na bado yako mengine."

Caren akaweka uso kwenye bega la mama yake akalia.

Maji yalipopimwa wakaambiwa ni kifua kikuu kilichokamata utando wa pafu. Kina dawa, na dawa hutolewa bure, ila hazikatizwi kwa miezi sita hata ukijisikia mzima. Marcella na Caren nao wakapimwa, wakaonekana wako salama. Eucabeth alimeza dawa zake kila asubuhi kwa uji, Marcella amesimama mbele yake mikono kiunoni. "Fungua mdomo nione kama umemeza," alikuwa akisema, kwa mdomo uleule uliokuwa umemwitia manyasi.

Dawa zilipokwisha na daktari akasema amepona, Boaz na wazee wa upande wake walikuja Muhuru Bay kufanya lile lililochelewa: kumkaribisha mama mkwe rasmi nyumbani Kisegi, mvua inyeshe au isinyeshe. Walikuja na mbuzi watatu na nguo ya heshima, na Marcella akawakagua mbuzi meno kama anawanunua yeye.

Baada ya chakula, Boaz akatuma neno kupitia kwa Caren. Alitaka kumpima mama kwa mara ya mwisho.

"Tena?" Eucabeth akauliza. "Na leso ziko wapi?"

"Anasema leo leso haihitajiki. Yeye atakaa kule kwenye ua, akupe mgongo. Wewe nenda kwenye jiwe lako."

Eucabeth akaelewa. Akateremka ufuoni, akapita nyavu zilizotandazwa omena ziking'aa juani, hakupumzika popote. Akapanda jiwe jeusi. Kule juu kwenye ua aliona visigino vya viatu vya kahawia, vile vya harusi. Ziwa lilikuwa limetulia, na mbali kabisa mtumbwi mmoja ulikuwa ukirudi, mdogo kama sisimizi. Uzi wa kijani ulikuwa bado mkononi mwake, umepauka.

Akaweka viganja mdomoni.

"Subiraaaa! Wewe Subira, pinda pua uje hukuuu, mama yako yupooo!"

Wanawake waliokuwa wakigeuza omena wakasimama na fagio zao. Mbwa wakabweka. Kule majini mtu akainua kasia juu, na pua ya mtumbwi ikageuka.

Boaz hakugeuka. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, kama anavyofanya akisikiliza. Kisha akainua mikono yote miwili juu, mmoja kila upande, Eucabeth aione kutoka kule chini.

"Anasema pande zote mbili!" Caren akapaza sauti. "Mama, anasema pande zote mbili zinafanya kazi!"

"Mwambie nimesikia!" Eucabeth akajibu. "Na mwambie ero kamano, nashukuru sana, mkwe wangu!"

"Shuka sasa, utaamsha hata wafu waje kununua omena!" Marcella akamfokea kutoka kwenye nyavu.

Hakushuka. Mtumbwi ulikuwa umeshasikia na ulikuwa njiani, na hakuna aliyemwomba aite tena. Akavuta pumzi nyingine, ndefu, ikashuka mpaka chini pande zote, akaita tena.